Kisomo cha Maktaba na Watu Wazima Wanaozungumza Kihispania Nchini Marekani

Kisomo, kwa maana ya mafunzo ya kusoma, kuandika na kuhesabu yanayotolewa kwa watu wazima walio nje ya shule, ni huduma ambayo maktaba nyingi za umma nchini Marekani huitoa bila ada, ama kwa madarasa ya Kiingereza, ama kwa kumkutanisha mwanafunzi mmoja na mkufunzi wa kujitolea, ama kwa vikundi vya mazungumzo ambamo wanafunzi huketi pamoja na kuzizoeza ndimi zao lugha mpya. Maktaba ya Queens, katika jiji la New York, ilianzisha mpango maalumu wa kuwahudumia wahamiaji mwaka 1977, na mwaka 1984 California ikaanza kuendesha kisomo cha maktaba kwa kiwango cha jimbo zima. Hata hivyo, kuwapo kwa huduma ni jambo moja na kujulikana kwake kwa wanaoihitaji ni jambo jingine. Mara nyingi tangazo huandikwa kwa Kiingereza na kubandikwa ndani ya maktaba yenyewe, hivyo likawafikia wale ambao tayari wanasoma Kiingereza na tayari wana mazoea ya kuingia humo.

Wakazi zaidi ya milioni 40 wa Marekani huzungumza Kihispania nyumbani, na ingawa zaidi ya nusu yao hukimudu Kiingereza vizuri sana, wanaobaki ni mamilioni. Wote hao hawawezi kuitwa kwa mwito mmoja. Mhandisi aliyesomea Caracas huhitaji Kiingereza cha kazini na cha mitihani ya leseni. Mtu aliyetoka Puerto Rico ni raia wa Marekani, kwa kuwa wenyeji wa kisiwa hicho walipewa uraia mwaka 1917, na tangazo linaloanza kwa kumwondolea hofu ya hati za uhamiaji halimhusu. Naye mfanyakazi wa mashambani aliyetoka Oaxaca, nchini Meksiko, au nyanda za juu za Guatemala, huenda alilelewa katika lugha ya Mixteco au Mam, Kihispania kikawa lugha yake ya pili, na masomo yake yakakatika katika madarasa ya mwanzo ya shule ya msingi.

Mwanafunzi huyu wa mwisho ndiye anayesahauliwa zaidi, na ndiye anayestahili kufikiriwa kwanza. Wataalamu wa ujifunzaji wa lugha wamebainisha kwamba stadi ya kusoma iliyojengwa katika lugha moja humsaidia msomaji katika lugha inayofuata, kwa sababu aliyekwisha kuelewa uhusiano wa herufi na sauti, na aliyezoea kutafuta maana katika maandishi, haanzi upya. Kwa hiyo mtu mzima asiyeweza kusoma lugha yoyote, akiwekwa katika darasa la Kiingereza linalotegemea kitabu na ubao, hubebeshwa kazi mbili kwa wakati mmoja, na wengi wa namna hiyo huacha mapema bila kueleza sababu. Serikali ya Meksiko, kupitia taasisi yake ya elimu ya watu wazima iliyoanzishwa mwaka 1981, INEA, imesaidia kufungua nchini Marekani vituo vinavyoitwa plazas comunitarias, ambako mtu mzima hujifunza kusoma kwa Kihispania na kukamilisha elimu ya msingi na ya sekondari ya chini. Maktaba inayoshirikiana na kituo cha aina hiyo haikisaliti Kiingereza kama wengine wanavyodhani, inakitengenezea njia.

Jinsi ya kuwafikia watu hawa si fumbo jipya. Pura Belpré, mzaliwa wa Puerto Rico aliyeajiriwa na maktaba ya umma ya New York mwaka 1921, hakungoja jamii yake imfuate: aliwaendea watu katika vyama na makanisa yao, akasimulia hadithi kwa Kihispania na kwa Kiingereza, na kuadhimisha nao sikukuu ya Mamajusi katika maktaba. Chama cha REFORMA, kilichoasisiwa mwaka 1971 ili kuendeleza huduma za maktaba kwa Walatino na wanaozungumza Kihispania, kimeshika njia hiyohiyo. Neno la mdomo lililotoka kwa mtu anayeaminika, awe padri wa parokia, mwalimu wa mtoto, mtangazaji wa redio ya Kihispania au, aliye bora kuliko wote, jirani aliyekwisha kusoma darasani humo, lina nguvu ambayo karatasi iliyobandikwa ukutani haina, na kwa mtu asiyejua kusoma ndilo tangazo pekee.

Ujumbe wenyewe sharti ujibu maswali ambayo msikilizaji huona haya kuyauliza: je, kuna ada, mtoto anaweza kuja naye, na jina lake litapelekwa wapi? Wapo waliokulia mahali ambapo maktaba ilikuwa ya wanafunzi na watafiti, na hawatarajii kufundishwa humo bure. Maktaba nyingi hukubali kitambulisho kinachotolewa na ubalozi mdogo wa nchi ya mkazi, na sheria za majimbo mengi hulinda siri za kumbukumbu za wasomaji, nayo ni mambo ya kutangazwa waziwazi. Lakini mkutubi asiahidi ulinzi usio katika mamlaka yake, kwani imani ikivunjika mara moja, habari huenea mtaa mzima.

Imani hiyo hupotea pia kwa njia za kawaida kabisa. Tangazo zuri la Kihispania hubatilika pale mtu anapopiga simu na kujibiwa kwa Kiingereza tu, au anapoambiwa darasa ni saa nne asubuhi ilhali yuko jikoni mwa hoteli hadi jioni, au jina lake linapoandikwa katika orodha ya kungojea na asiitwe kwa miezi. Kabla ya kuvuta watu wengi, maktaba inapaswa kuhakikisha kuwa ina wakufunzi wa kutosha, saa za jioni na za mwisho wa juma, na mtu wa mapokezi anayezungumza Kihispania.

Mambo haya yanawagusa Waswahili pia, kwani maelfu ya wakimbizi wa Kongo wanaozungumza Kiswahili wamepokelewa Marekani tangu miaka ya 2010, na matangazo ya maktaba kwa Kiswahili ni machache kuliko yale ya Kihispania. Msomaji mwenye ndugu huko na amjulishe kwamba katika maktaba ya umma iliyo karibu naye anaweza kuulizia masomo ya Kiingereza kwa watu wazima, na kwamba kwa kawaida hatatozwa chochote.