Wanunuzi wa zilipendwa wapo, mzigo unafika nusu

MFANYABIASHARA wa viazi katika Nyanda za Juu Kusini amezoea lumbesa. Gunia hushonewa kilemba juu, mkulima akalalamika, sheria ya vipimo ikakataza, na bado mnunuzi akaondoka na ziada yake. Lakini mtu huyohuyo, akirudi dukani kwake Mwanjelwa mjini Mbeya au Mlandege mjini Iringa na kufungua redio, hupokea bidhaa iliyopungua debe zima, naye hana mzani wa kuirudishia. Bidhaa hiyo ni muziki wa dansi wa zamani, ambao wengi huuita zilipendwa.

Malalamiko kuhusu muziki huu si mapya, na wala si ya wazee wasiopenda nyimbo za vijana, kama baadhi ya watangazaji wanavyopenda kujitetea. Wapenzi wa dansi hawaombi Bongo Fleva iondolewe hewani. Wanaomba kwamba pale redio yenyewe inapotangaza kipindi cha zilipendwa, basi zilipendwa zipigwe.

Lalamiko la kwanza ni kukatwa kwa nyimbo. Wimbo wa dansi wa miaka ya 1970 na 1980 ulijengwa kwa sehemu mbili. Kwanza waimbaji husimulia kisa taratibu: mke kaondoka, rafiki kageuka, mjomba kadhulumu. Kisha mwendo unabadilika, ala za upepo zinaingia, gitaa la solo linachukua uwanja na watu wanainuka. Hapo ndipo kila bendi ilipoonyesha mtindo wake, Western Jazz kwa Saboso, Vijana Jazz kwa Pamba Moto, Mlimani Park kwa Sikinde. Nyimbo nyingi za namna hiyo zilivuka dakika sita. Redio ya leo imepanga saa yake kwa nyimbo za dakika tatu au nne na matangazo ya biashara katikati, kwa hiyo mkasi hupita palepale utamu unapoanza. Msikilizaji amevumilia huzuni yote ya mjomba, halafu anaambiwa bei ya mabati.

Pale wimbo unaponusurika mkasi, mtangazaji huongea juu yake. Hili hukera zaidi kwa sababu utangulizi wa gitaa ndio unaomfanya mtu aache anachofanya na kusogeza kiti.

La tatu ni majina, na hapa suala linaacha kuwa la ladha na kuwa la fedha. NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964 ikaja kuitwa JUWATA, baadaye OTTU, na hatimaye Msondo Ngoma. Ni bendi moja iliyobadilishwa jina kadiri jumuiya ya wafanyakazi iliyoimiliki ilivyobadilika, lakini hewani husikika kama bendi tatu au nne zisizojuana. Mbaraka Mwinshehe aliondoka Morogoro Jazz na kuunda Super Volcano mwaka 1973. Nyimbo za bendi hizo mbili huchanganywa kana kwamba ni gunia moja. Simba Wanyika na Les Wanyika hutangazwa kuwa za Wakenya, na ni kweli zilifanya kazi Nairobi, lakini ndugu Wilson na George Kinyonga walioiasisi Simba Wanyika walitoka Tanga.

Iringa ina sababu yake ya pekee ya kununa. Mji huo ulikuwa na Tancut Almasi Orchestra, bendi iliyomilikiwa na kiwanda cha serikali cha kuchonga almasi, ambayo katika miaka ya 1980 ilishindana na bendi za Dar es Salaam bila kuona haya. Mapacha Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa waliimba humo, na wimbo kama Nimemkaribisha Nyoka bado unaombwa hadi leo. Ukipigwa kwa kutajwa "wimbo wa zamani" tu, kijana wa Kihesa hatajua kwamba ulitoka mtaa wa pili.

Chanzo cha hali hii kinaeleweka. Kwa miaka mingi soko lilikuwa na muuzaji mmoja. Bendi zilirekodi katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD, na mikanda ikabaki katika maktaba yake. Vipindi kama Misakato na Club Raha Leo Show viliendeshwa na watu waliozifahamu bendi hizo, na wapigaji wenyewe walikuwa wakiingia studio. Kasoro zilikuwepo: bendi ililipwa kidogo, na msikilizaji wa Mbeya au Makete alisubiri masafa yatulie huku betri zimeanikwa juani. Lakini jina la bendi lilitajwa.

Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua mlango kwa watu binafsi, Radio One ikaanza mwaka 1994, na katika miaka iliyofuata Mbeya na Iringa zikapata stesheni zake za FM. Masafa yakawa safi, wauzaji wakawa wengi. Kilichokosekana ni maktaba. Nyimbo ziliwafikia wenye stesheni kupitia kanda zilizonakiliwa, kisha santuri za CD, kisha mafaili ya kompyuta, na kila ziliponakiliwa maelezo yalipungua. Mtangazaji aliyezaliwa miaka ya 1990 hukuta kwenye kompyuta faili limeandikwa namba tu. Kumlaumu yeye peke yake si haki. Mwajiri wake ndiye aliyemweka dukani bila daftari la mali.

Hasara inamfikia mtunzi na warithi wake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ilimpa mtunzi ulinzi wa maisha yake na miaka 50 baada ya kifo. Mbaraka Mwinshehe alifariki kwa ajali ya gari nchini Kenya Januari 1979, hivyo kwa hesabu hiyo tungo zake zinalindwa mpaka mwisho wa 2029. Marijani Rajabu alifariki 1995. Zake zinakwenda mpaka 2045. Mrabaha wa haki hauwezi kugawanywa bila orodha ya nyimbo zilizopigwa, na wimbo ulioorodheshwa kwa jina lisilo lake ni hundi iliyoandikwa kwa mtu mwingine.

Kwa upande wa stesheni pia hesabu haiko vizuri. Anayesubiri zilipendwa Jumapili alasiri ni mwenye duka, mwenye lori, mwenye shamba la chai Rungwe au la miti Mufindi. Ndiye anayelengwa na matangazo ya mbolea, mbegu na mabati. Akichoshwa haandiki barua. Anakwenda kwa kijana wa kibanda anayejaza nyimbo kwenye flashi, analipa, na hasikii tena tangazo lolote. Madereva wa mabasi wamefanya hivyo zamani. Kwenye kona za Kitonga, ambako masafa hukwaruza, flashi haikwaruzi, na wimbo unafika mwisho wake.

Hata Uingereza ugomvi kama huu upo. Classic FM ilipoanza mwaka 1992 ilizoea kupiga sehemu moja tu ya kazi ndefu ya Beethoven au Mozart, na wapenzi wa muziki huo wakalalamika kwamba wanapewa vipande. Tofauti ni kwamba huko aliyekerwa aliweza kuhamia BBC Radio 3.

Lipo jambo moja ambalo wasikilizaji wa Nyanda za Juu hawapendi kuambiwa. Sehemu ya dakika zinazoliwa ni zao wenyewe. Salamu zilianza kwa kadi za kununua, sasa zinakwenda kwa simu, na zote ni mapato kwa redio. Mtu akituma majina kumi na tano, kuanzia kwa baba mkwe wa Tukuyu hadi kwa kondakta wa Makambako, lazima yasomwe, na husomwa juu ya gitaa lilelile analodai limefunikwa. Wiki inayofuata anatuma tena, na safari hii ameongeza majina matano.