Je, Wajua? Mjerumani aliyemzuia Chris Sande
Henry Maske wa Ujerumani Mashariki ndiye aliyemzima Mkenya Chris Sande kwenye nusu fainali ya uzani wa kati, Olimpiki ya Seoul 1988. Sande alirudi na shaba. Maske akatwaa dhahabu, na mwaka uliofuata akawa bingwa wa dunia wa ngumi za ridhaa. Lakini umaarufu hasa aliupata baada ya Ukuta wa Berlin kuanguka, alipoingia ngumi za kulipwa. Wajerumani walimwita "Muungwana", na kweli, hakuwa bondia wa makelele. Katika ngumi za kulipwa alipoteza pambano moja tu, dhidi ya Mmarekani Virgil Hill mwaka 1996, akastaafu. Mwaka 2007, akiwa na miaka 43, alirudi ulingoni kwa pambano moja, akamshinda Hill kwa pointi.