Pipi za sikukuu: Kumpa mtoto moja moja kutwa nzima ndiko kunakomwozesha meno

Mwezi wa sikukuu umefika. Shule zimefungwa, na kwenye mabasi yanayotoka Geita, Katoro na Kahama wapo akina baba wanaorudi nyumbani baada ya miezi kadhaa machimboni. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo ndani ya begi, pamoja na nguo za kazi, kuna mfuko wa pipi za watoto. Siku zinazofuata wajomba na mashangazi wanapita kusalimia, na kila mmoja ana zake mfukoni. Bibi naye hakosi.

Hali hii haiko kwetu tu. Marekani, kila Oktoba 31, usiku wanaouita Halloween, watoto hupita nyumba kwa nyumba wakigawiwa pipi, na kesho yake wazazi wanabaki na swali lile lile ulilonalo wewe: nifanye nini na mfuko huu?

Wengi wetu hufanya jambo linaloonekana la busara. Mama anaufunga mfuko, anauweka juu ya kabati, kisha anatoa pipi moja moja. Moja asubuhi mtoto anapolia. Moja baada ya kuchota maji. Moja akitumwa dukani. Nyingine mchana, nyingine jioni, na ya mwisho usiku ili alale. Mfuko unakaa wiki mbili, na mama anaona amewabana watoto vizuri.

Mzazi mwenzangu, nia yako ni njema, lakini kwa upande wa meno utaratibu huo ndio unaoumiza zaidi. Kinachoozesha jino si wingi wa pipi peke yake. Ni mara ngapi kwa siku sukari inaingia kinywani, na inakaa humo kwa muda gani.

Kinachotokea kinywani

Katika utando laini unaoganda juu ya meno kuna bakteria. Mtoto akila sukari, bakteria hao nao wanaila na kutoa tindikali. Tindikali hiyo hunyonya madini kwenye ganda la jino. Baada ya kama nusu saa, mate huanza kuishinda tindikali na kurudisha sehemu ya madini yaliyopotea. Jino linapata nafuu.

Sasa piga hesabu. Mtoto aliyekula pipi sita kwa mkupuo mmoja baada ya chakula cha mchana ameyaweka meno yake kwenye tindikali kwa kipindi kimoja. Aliyekula pipi hizo hizo sita, moja moja tangu asubuhi hadi usiku, ameyaweka kwenye tindikali mara sita. Ukijumlisha na dakika za kumumunya, ni zaidi ya saa tatu. Mate yalipata muda mfupi zaidi wa kulitengeneza jino. Na pipi ya kulalia ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu mtu akilala mate hupungua sana.

Jambo hili lilithibitishwa kwa njia ya kusikitisha. Mwishoni mwa miaka ya 1940, katika hospitali ya Vipeholm huko Lund, Sweden, wagonjwa wenye ulemavu wa akili walilishwa sukari kwa namna tofauti tofauti bila ridhaa yao, wengine wakipewa tofi zinazonata. Waliopewa sukari wakati wa mlo meno yao hayakuharibika sana. Waliokula tofi kutwa nzima, kati ya mlo na mlo, meno yao yalioza vibaya. Matokeo yalichapishwa mwaka 1954. Leo utafiti wa namna ile haungeruhusiwa, lakini wazazi wa Sweden walichota somo: wakashauriwa kuwapa watoto pipi siku moja tu kwa wiki, Jumamosi. Desturi hiyo ipo hadi leo.

Fanya hivi na mfuko wako

Zawadi ya baba usiitupe. Mtoto aliyemsubiri baba yake miezi mitatu anastahili kuifurahia. Ila ipangie siku na saa.

Siku ya sikukuu, watoto wale pipi mara moja, mara tu baada ya kushiba chakula cha mchana. Waketi, wale, wamalize, kisha wasukutue kwa maji. Baada ya hapo mfuko unafungwa hadi siku nyingine utakayoichagua, Jumamosi au Jumapili. Hapo nao wale mara moja, baada ya mlo. Zile zinazonata kwenye meno, kama tofi, na zile za kumumunya muda mrefu, kama pipi ya kijiti, toa chache zaidi.

Kati ya siku hizo pipi isiwe bembelezo la kilio, malipo ya kutumwa wala dawa ya usingizi. Mtoto akiwa na njaa kabla ya mlo, mpe embe, papai, karanga kama umri wake unaruhusu, au kipande cha kiazi kitamu. Michembe na matobolwa navyo vinanata kwenye meno, lakini si sawa na pipi. Mwisho mpe maji ya kunywa.

Usisahau vinavyojificha. Ubuyu wa rangi umepakwa sukari na una uchachu wake, kwa hiyo mhesabu kama pipi. Barafu za mfuko na juisi za unga ni sukari. Soda ya mililita 350 ina sukari karibu vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwenye chakula, na ikiwezekana isizidi asilimia 5. Kwa mtu mzima asilimia 5 ni kama vijiko sita vya chai kwa siku. Mtoto anahitaji pungufu ya hapo. Kwa hiyo kupanga saa ya pipi si ruhusa ya kumaliza mfuko siku moja. Mtoto asiyetimiza miaka miwili hahitaji pipi wala soda kabisa, na mtoto mwenye kisukari afuate mpango wa daktari wake.

Kwa bibi na shangazi, zungumza nao mapema na kwa heshima. Usiseme, "Msimpe mtoto wangu." Sema, "Mama, zawadi zako tunakuwekea, watazila Jumamosi baada ya kula, na tutawaambia zimetoka kwako." Mzee akijua zawadi yake haijatupwa, atakusaidia.

Mswaki, na swali la meno ya kahawia

Mtoto apige mswaki mara mbili kwa siku, na wa usiku usikosekane. Baada ya huo asile wala asinywe chochote isipokuwa maji. Kama amekula ubuyu au amekunywa soda, asukutue kwanza, kisha asubiri kama nusu saa ndipo apige mswaki, kwa sababu tindikali huwa imelainisha ganda la jino. Mswaki wa mti husafisha, lakini hauna floraidi inayolikaza jino. Na mtoto wa chini ya miaka saba au minane hajui kujisafisha vizuri. Msaidie wewe.

Hapa ndipo mzazi wa Shinyanga huuliza: "Floraidi si ndiyo inayotutia meno ya kahawia? Kwa nini nimpe dawa ya meno yenye floraidi?" Swali hilo ni la haki. Shinyanga ni miongoni mwa mikoa ya Tanzania ambayo baadhi ya visima vyake vina floraidi nyingi kupita kiwango cha Shirika la Afya Duniani, yaani miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto akiinywa miaka ile meno ya ukubwani yanapojengeka ndani ya ufizi, jino huota likiwa na madoa meupe au ya kahawia. Magadi tunayotia kwenye maharage na mlenda nayo yanaweza kuongeza floraidi.

Lakini madoa hayo si kuoza, na jino lenye madoa linaweza kuoza kama jingine. Jibu ni kipimo. Chini ya miaka mitatu, dawa ya meno iwe kama punje ya mchele. Kuanzia mitatu hadi sita, kama punje ya njegere. Ateme, asimeze. Kama una maji ya bomba yanayotoka Ziwa Victoria, mpe mtoto hayo badala ya kisima chenye floraidi nyingi. Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi floraidi. Na punguza magadi kwenye chakula cha mtoto.

Wanaoishi karibu na machimbo

Pipi huliwa kwa mkono, na mkono wa mtoto anayecheza karibu na karasha au mwalo una vumbi la mawe. Vumbi hilo linaweza kuwa na madini ya sumu kama risasi na aseniki, na kwenye mialo kuna zebaki. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2013 ilieleza kuhusu watoto wanaofanya kazi kwenye machimbo madogo ya dhahabu Geita, Kahama na Chunya, wakiwamo wanaoshika zebaki kwa mikono mitupu. Sumu hizi hudhuru ubongo unaokua, na mtoto mdogo huzipata zaidi kwa sababu kila anachoshika hukipeleka mdomoni.

Kwa hiyo baba, usibebe pipi kwenye mfuko wa nguo za kazi. Nawa na ubadili nguo kabla ya kumbeba mtoto. Usiweke chakula chochote kwenye kopo au chupa iliyowahi kutiwa zebaki, hata ukiiosha. Watoto wanawe kwa maji na sabuni kabla ya kushika pipi, na iliyoanguka chini isirudi mdomoni. Ujue pia kwamba kunawa hakumkingi mtoto na mvuke wa zebaki inapochomwa. Kazi hiyo isifanywe kamwe nyumbani wala jikoni.

Pipi inayokaba

Pipi ngumu ya duara, karanga nzima na bazoka asipewe mtoto wa chini ya miaka minne. Mkubwa naye ale ameketi, si akikimbia na pipi ya kijiti mdomoni.

Mtoto akikabwa na bado anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Akishindwa kulia, kukohoa na kupumua, usingoje. Aliye chini ya mwaka mmoja, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, umpige mara tano katikati ya mabega kwa kisigino cha kiganja. Kama haijatoka, mgeuze chali, ubonyeze katikati ya kifua kwa vidole viwili mara tano. Aliyezidi mwaka, mwinamishe umpige mgongoni mara tano. Kisha simama nyuma yake, weka ngumi juu ya kitovu chini ya mbavu, uvute kuelekea ndani na juu mara tano. Rudia mpaka itoke, huku mtu mwingine akitafuta usafiri. Usiingize kidole kutafuta kitu usichokiona, maana utakisukuma ndani. Akizimia, mlaze chali kwenye sakafu, anza kumbonyeza kifua, na apelekwe hospitali mara moja.

"Si yatang'oka tu?"

Ndivyo tunavyosema kuhusu meno ya utotoni. Lakini magego ya utotoni hukaa mpaka miaka 10 hadi 12. Mtoto mwenye gego lililooza hali vizuri, halali, na shuleni hasikii anachofundishwa. Isitoshe, karibu na umri wa miaka sita, nyuma ya meno ya utotoni, huota gego la kwanza la ukubwani bila jino lolote kung'oka. Wazazi wengi hudhani nalo ni la utotoni na huliacha lioze. Hilo likitoka, halirudi.

Leo jioni mwambie mtoto afungue mdomo mbele ya mwanga. Inua mdomo wa juu utazame. Doa jeupe kama chaki karibu na ufizi ni dalili ya mwanzo, na hapo bado jino linaokolewa. Tundu au weusi, nenda kwa mtaalamu wa meno kwenye kituo cha afya au hospitali ya wilaya kabla maumivu hayajaanza. Shavu likivimba, akipata homa, akishindwa kufungua mdomo au kumeza, usingoje asubuhi: nenda hospitali saa hiyo hiyo. Usimtie maji ya betri, mafuta ya taa wala unga wa vidonge kwenye tundu la jino.

Kisha uteremshe ule mfuko juu ya kabati, uwaite watoto, mpange pamoja siku ya pipi. Mtoto anayejua kwamba Jumamosi ipo hatakusumbua sana Jumanne.