Binti wa Darajani

Mama mpendwa, iko picha moja ya zamani inayofaa kutazamwa na kila mzazi. Ilichorwa na George Cruikshank wa Uingereza mwaka 1848. Ni usiku jijini London. Binti anaanguka kutoka daraja la mto Thames, amefunika uso wake. Juu yake watu wawili wanachungulia kwa mshtuko. Wamechelewa.

Picha hiyo ni ya nane na ya mwisho katika mfululizo uitwao Watoto wa Mlevi. Mwaka 1847 Cruikshank alikuwa ametoa picha nyingine nane, akaziita Chupa. Humo baba anamkaribisha mkewe glasi ya kwanza nyumbani, watoto wakiona. Kisha kazi inapotea, vyombo vinachukuliwa, mtoto mdogo anafariki, na mwishowe baba anamwua mkewe kwa chupa. Wanabaki watoto wawili. Kaka anafia kifungoni, dada anaishia darajani. Picha hizo ziliuzwa kwa bei nafuu, na Cruikshank mwenyewe akaacha pombe kabisa.

Hata hivyo, mwaka huo wa 1848, mwandishi Charles Dickens aliikosoa kazi hiyo. Alisema ulevi una mizizi: umaskini, makazi machafu na ujinga. Mchoraji alionyesha matunda, mizizi akaiacha.

Mimi kama muuguzi naona wote wawili walisema kweli. Lakini nikitazama daraja lile najiuliza jambo jingine. Binti yule alipita mbele ya milango mingapi kabla ya kufika pale? Je, yupo mama hata mmoja aliyemwita ndani, akampa chakula, akamsikiliza? Au kila mmoja alimkataza bintiye asiandamane na mtoto wa mlevi?

Akina mama, mtoto huyo yupo hata mitaani kwetu. Dhambi ya baba yake si yake. Mkaribishe nyumbani kwako. Akikuambia amechoka kuishi, usimkemee kwamba hana imani. Kaa naye, mwulize kwa upole, usimwache peke yake, mpeleke hospitali mapema. Maombi na matibabu havigombani.

Msamaria mwema alimkuta mtu angali hai njiani, akasimama. Nasi tusimame mapema, mlangoni petu, tusije tukawa wale wawili wa kuchungulia kutoka juu ya daraja.