Unataka Siti za Mbio na Hanesi Kwa Subaru Yako? Soma Hii Kabla Ulipe Fundi

Msimu wa Safari Rally ukikaribia, kila msee mwenye Impreza huanza kuulizia vitu mbili: siti za baketi na hanesi. Inaeleweka. Ndai ikiwa na baketi mbili mbele na mikanda minene nyekundu imepita mabegani, hata ikiwa imepakiwa tu nje ya kibanda cha smokie, watu wanageuka.

Lakini siti na hanesi si stika. Kazi yake ni moja tu: kushika mwili wako gari ikigonga kitu. Na shida iko hapa. Ukiweka nusu ya mfumo, unaweza kuumia vibaya kuliko yule beste yako mwenye siti na mkanda vilivyotoka na gari Japani. Wacha tuipange pole pole.

Ajali mbili, majibu mawili

Januari 2020, kwa Monte Carlo Rally, Ott Tänak wa Estonia na navigeta wake Martin Järveoja walitoka barabarani na Hyundai i20 wakiwa kwa spidi ya karibu kilomita 180 kwa saa. Gari iliruka, ikabingirika kwa msitu, ikaenda kutua kwa barabara ingine huko chini. Ukiona hiyo video unasema hapo hakuna mtu amebaki. Wote wawili walitoka kwa gari wakasimama.

Sasa rudi nyuma hadi Februari 18, 2001. Dale Earnhardt, bingwa wa NASCAR mara 7, aligonga ukuta kwa raundi ya mwisho ya Daytona 500. Kwa TV ilionekana ajali ya kawaida. Alikufa. Mfupa wa chini ya fuvu ulivunjika, na uchunguzi ukapata pia kwamba mkanda mmoja wa kiunoni ulikuwa umekatika. Hakuwa amevaa kifaa cha kushika kichwa. Mwaka huo huo NASCAR ikafanya kifaa hicho kuwa lazima.

Wote hao walikuwa madereva wa daraja la juu, wote walikuwa wamefungwa mikanda ya mbio. Lakini Tänak alikuwa na mfumo mzima: siti, hanesi, keji ya vyuma, helmeti na kifaa cha shingo. Kila kitu kinategemea kile kingine. Shika hiyo kwanza, ju yote tunabonga hapa chini inatoka hapo.

Usidharau mkanda wa kawaida

Mkanda wa pointi tatu uko kwa gari yako ulitengenezwa na Nils Bohlin wa Volvo mwaka wa 1959, na Volvo ikaachilia kampuni zingine zitumie bure. Unaonekana boring, lakini uko na akili. Ukigonga, unafunga, halafu unaacha kifua kisonge mbele kidogo kukutana na eabegi. Kifua na kichwa vinasonga pamoja, kwa hivyo shingo haibaki ikivutwa peke yake. Gari ikipinduka na paa ikiingia ndani, mwili unaweza kulala kando.

Hanesi haifanyi hivyo. Inakushika wima kama msumari. Hiyo ni poa sana kama vitu vingine vyote viko. Kama haviko, ni noma.

Siti kwanza, hanesi baadaye

Hanesi inataka siti yenye mashimo ya kupitisha mikanda ya mabega na ile ya katikati ya miguu. Siti ya kawaida haina hizo, na mikanda ikipita kando ya kichwa itateleza itoke mabegani.

Ukinunua, tafuta lebo ya FIA. Siti nyingi za mbio huwa na standadi ya 8855-1999, na ziko na muda wa miaka 5 kwa mashindano. Kama lebo haipo, imepigwa gundi juu juu, ama muuzaji anakuambia "hizo ni mambo ya wazungu", jua unanunua kiti cha sebuleni. Baketi feki zinafanana sana na za ukweli kwa macho. Tofauti huonekana gari ikigonga na mgongo wa siti ukipasuka.

Usinunue pia kabla ya kuikalia. Nyonga zako zinafaa kubanwa bila kufinywa, na mashimo ya mabega yasiwe chini ya mabega yako. Kama wewe ni mrefu na mashimo yako chini, mikanda itakuvuta kwenda chini, na uti wa mgongo ndio utalipa.

Kufunga siti: hapa ndio mafundi wengi huharibu

Kabla mtu aguse bolti yoyote, toa waya ya negativu kwa betri na mngoje dakika kadhaa. Chini ya siti za gari nyingi za Japani kuna plagi za rangi ya njano. Hizo ni za mfumo wa eabegi. Kama siti yako ya zamani iko na eabegi ya kando, ukiitoa umepoteza hiyo eabegi, na taa itawaka kwa dashibodi. Fundi anaweza kuzima taa na kidude kidogo cha umeme, lakini taa kuzimika haimaanishi eabegi imerudi.

Halafu breketi. Itafute ile imetengenezwa kwa modeli ya gari yako, inayotumia mashimo yale yale ya kampuni kwa sakafu. Breketi ya Forester isikatwe na kuchomelewa ndio ikae kwa Impreza. Sheria za FIA ziko wazi: siti ishikwe kwa pointi 4, bolti zisiwe nyembamba kuliko milimita 8. Kama kuna shimo jipya linatobolewa, chini yake kuwe na bamba la chuma la unene wa angalau milimita 3 na ukubwa wa angalau sentimita za mraba 40. Sababu ni rahisi. Sakafu ya gari ni bati. Bolti na washa ndogo peke yake, gari ikigonga, bolti inachomoka na kipande cha bati, na wewe unaenda na siti.

Angalia kichwa cha bolti. Ikiwa imeandikwa 8.8 ama zaidi, hiyo iko na nguvu. Ikiwa haina namba yoyote, irudishe dukani.

Hanesi na zile digrii

Hanesi ya pointi nne inauzwa bei poa na inakaa fiti kwa picha. Shida ni kuteleza chini. Gari ikisimama ghafla, mikanda ya mabega inavuta ule wa kiunoni juu hadi tumboni, nyonga zinapita chini yake, na mkanda unakata pale hakuna mfupa, kwa matumbo na ini. Ndio maana hanesi za mbio ziko na mikanda ya tano na sita inayopita katikati ya miguu. Hiyo ndio inazuia mkanda wa kiunoni kupanda.

Mkanda wa kiunoni ukae chini, kwa mfupa wa nyonga, pale paja linakunjikia. Ufunge huo kwanza ukaze, halafu mabega.

Mikanda ya mabega itoke nyuma ya siti ikiwa karibu imelala sawa na ardhi. FIA inapendekeza isishuke zaidi ya digrii 10, na haikubali ipite 45. Sasa fikiria vile watu hufanya: wanaifunga kwa bolti za mkanda wa abiria wa nyuma, chini kwa sakafu. Ukigonga, mikanda inavuta mabega chini kwa nguvu yote na mgongo unafinywa kama chapo imekunjwa. Tena mkanda mrefu hunyooka zaidi, kwa hivyo kichwa kinafika kwa usukani.

Kwa gari nyingi, njia ya kupata hiyo digrii ni moja: chuma cha kupita nyuma ya siti, kilichofungwa kwa bodi vizuri. Na hapo ndio tunafika kwa keji.

Keji si lazima, mpaka uvae hanesi

Kuna chuma cha hanesi na kuna keji. Chuma cha hanesi kinashika mikanda peke yake, hakibebi paa. Gari ikipinduka na wewe umefungwa wima, hakuna pa kwenda. Paa inashuka, kichwa kinaingoja.

Keji inabeba paa, lakini inaleta shida yake. Inaweka bomba za chuma karibu na kichwa chako. Ukiwa na helmeti kwa mashindano, ni sawa. Ukiwa na kofia ya kawaida kwa Thika Road, hiyo bomba ndio itakupiga, hata kwa ajali ndogo.

Umeona vile inazunguka? Hanesi inataka keji, keji inataka helmeti, na helmeti ni uzito zaidi kwa shingo ambayo tayari inabeba kila kitu ju mabega yamefungwa. Kwa hivyo unahitaji kifaa cha shingo, kama HANS, kilichobuniwa na Robert Hubbard na shemeji yake Jim Downing. Formula 1 ilikifanya lazima mwaka wa 2003. Hakuna mahali pa kusimama katikati ya hii safari.

Basi ya barabarani ufanye nini?

Kama gari ni ya kuenda job Jumatatu na Naivasha wikendi, wacha mkanda wa pointi tatu mahali ulipo. Ukitaka baketi, tafuta ile inaruhusu mkanda wako wa kawaida ukae kwa nyonga na kifua vizuri, bila kupanda juu ya ubavu wa siti. Karao akikusimamisha, mkanda uko. Ukigonga, mkanda na eabegi bado zinafanya kazi pamoja.

Tena hanesi ikikazwa vile inafaa, huwezi kuinama kuangalia kona ya raundibauti. Wasee wengi huilegeza. Hanesi imelegea haikusaidii chochote. Na ukizimia, mama mboga anayekuja kukutoa hajui kile kifungio hufunguka kwa kuzungushwa.

Kama kweli unaingia autokrosi ama reli, jenga mfumo wote kwa mara moja. Usinunue hanesi ya mtu aliyegonga nayo, hata ikikaa mpya, ju nyuzi zikishavutika mara moja haziaminiki tena. Angalia tarehe pia. Hanesi za standadi ya 8853-2016 huwa na miaka 10, na mwaka wa mwisho uko kwa lebo.

Fundi akikuambia kazi ni ya masaa mawili, muulize maswali matatu: mikanda ya mabega itashuka kwa digrii ngapi? Chini ya bolti kutakuwa na bamba gani? Na gari ikipinduka, ni nini kitashika paa? Akicheka badala ya kujibu, washa gari uende. Hizo ganji weka kwa tairi nne mpya na breki za maana. Hizo zitakusaidia hiyo hiyo jioni, ukirudi kejani.