Utasa wa Kiume katika Mimea na Mbegu ya Mahindi Chotara

Historia ya mahindi chotara yanayolimwa Njoro, Rongai na Subukia, katika Bonde la Ufa nchini Kenya, inaanzia Kitale, ambako aina ya H611, iliyotokana na kuzalisha mahindi ya huko pamoja na mahindi ya Ecuador, ilitolewa kwa wakulima mwaka 1964. Ili kupata mbegu chotara, safu za mmea mama hupandwa kando ya safu za mmea baba, kisha maua ya dume yaliyo kileleni mwa mmea mama hung'olewa kwa mkono kabla hayajamwaga chavua, yaani unga unaobeba mbegu ya kiume. Kazi hiyo hutaka vibarua wengi kwa muda mfupi, kwani safu moja ikiachwa mbegu huharibika usafi wake.

Mmea wenye utasa wa kiume, usiozaa chavua hai ingawa sehemu yake ya kike ni nzima, huondoa haja ya kazi hiyo. Mara nyingi kasoro huwa katika tapetamu, yaani tabaka la seli linalolisha chavua changa. Chembe za chavua huundwa zikiwa nne nne ndani ya ukuta wa kalosi, ambayo ni minyororo ya sukari, na tapetamu hutoa kalasi, kimeng'enya kinachouyeyusha ukuta huo ili chembe ziachane. Kalosi ikiyeyuka kabla ya wakati, chavua huharibika, kama ilivyothibitishwa mwaka 1992 katika mitumbaku iliyobadilishwa jeni kwa ajili hiyo. Mwaka 1990 watafiti walikuwa wamekwisha kuua tapetamu yenyewe kwa banase, kimeng'enya cha bakteria kinachokatakata RNA, molekuli ambayo seli huihitaji ili kutengeneza protini.

Utasa mwingine hutoka katika mitokondria, viungo vya seli vinavyozalisha nishati na kurithiwa kwa mama. Mashamba ya Marekani yalitegemea aina moja ya utasa huo, iitwayo T, kwa takriban asilimia 85 ya mahindi yote, hata mwaka 1970 ukungu ambao sumu yake hutoboa mitokondria za aina hiyo ulipoangamiza karibu asilimia 15 ya mavuno ya nchi.

Kwa hiyo wazalishaji wa mbegu wa Bonde la Ufa wanapaswa kuutumia utasa wa kiume kwa faida ya mkulima, lakini wasiruhusu kamwe mashamba yote yategemee chanzo kimoja.