Safari ya baiskeli za mlima nchini Uganda: mambo ambayo shule ya Bunia ipange mapema

Makala hii tunawaandikia wakuu wa shule, walimu wa michezo na kamati za wazazi wanaowaza kuwapeleka vijana nje ya nchi wakaendeshe baiskeli milimani. Wazo lenyewe si la ajabu. Kijana wa Ituri anaijua baiskeli, ama kinga kama wengine wanavyoiita, kwa kuwa ameiona ikibeba makaa, mihogo, samaki, hata wagonjwa. Mwaka 2012, kwenye Michezo ya Olimpiki ya London, Adrien Niyonshuti wa Rwanda alishindana katika mbio za baiskeli za mlima akamaliza wa 39. Septemba 2025 Kigali ikapokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kufanyika Afrika. Vijana wetu waliyafuata hayo kwenye simu, na wanauliza kama na wao wanaweza.

Wanaweza. Ila ijulikane tangu mwanzo kwamba safari ya namna hii inafaulu au kuanguka kwenye karatasi na kwenye njia ya kutoka Bunia. Baiskeli ndilo jambo rahisi kuliko yote.

Kwa mahali pa kwenda, sisi tungependekeza Fort Portal, magharibi ya Uganda, chini ya milima ya Rwenzori. Mji uko kwenye mita 1,500 hivi juu ya bahari, na Bunia yetu iko karibu mita 1,275, kwa hiyo vijana hawatapata shida ya pumzi. Kuna vilima, mashamba ya chai, njia za udongo zenye magari machache, na maziwa madogo mengi yaliyojaa kwenye mashimo ya volkeno za zamani. Kuna pia kanisa la kutupokea. Dayosisi ya Ruwenzori ya Kanisa la Uganda ina makao yake hapo hapo, na uhusiano wetu nao si wa jana. Mwinjilisti Apolo Kivebulaya alitoka upande huo wa Toro mwaka 1896 akaja Boga kuhubiri, na Boga ndipo alipofariki mwaka 1933. Barua ya kanisa lenu kwenda kwa kanisa lao haitasomwa kama barua ya wageni.

Sasa njia. Mtu akitazama ramani ataona kwamba Fort Portal iko karibu sana. Unashuka bonde mpaka Kasenyi au Tchomia, unapanda mtumbwi wa mota kuvuka Ziwa Albert hadi Ntoroko, na kutoka hapo ni safari ya saa chache tu kwa gari. Wafanyabiashara wanapita huko kila siku. Hata hivyo tunasema wazi: msiwapitishe watoto wa shule njia hiyo. Mitumbwi inajazwa kupita kiasi, makoti ya kuogelea ni haba, na upepo wa ziwa hauna taarifa. Barabara ya Mahagi nayo inapita Djugu, na ile ya Komanda kuelekea Beni na Kasindi imemwaga damu ya wengi. Hata ng’ambo ya Kasindi tunakumbuka usiku wa 16 Juni 2023, wanafunzi walipouawa katika shule yao huko Mpondwe. Mtu mzima anaweza kuchagua kupita barabara hizo kwa ajili ya riziki yake. Mchezo si sababu ya kumpitisha humo mtoto wa mtu mwingine.

Inabaki ndege. Kutoka uwanja wa Murongo hadi Entebbe ni kama kilomita 300 tu hewani. Ndege za MAF, ambazo makanisa yetu yamezizoea, hufanya safari kati ya Bunia na Uganda, na kuna makampuni mengine pia. Gharama ni kubwa, tutairudia. Lakini angalieni kwanza jambo ambalo wengi hulisahau: ndege ndiyo inayoamua ukubwa wa kundi. Ndege ndogo kama Cessna Caravan hubeba watu wapatao kumi na wawili kwa kikomo, na kila mtu hupimwa uzito pamoja na mzigo wake. Kwa hiyo msianze kwa kuahidi darasa zima. Anzeni na wanafunzi wanane na watu wazima watatu, mmoja wao akiwa mama, na mmoja awe amejifunza huduma ya kwanza. Na baiskeli zisipande ndege. Mtazikodisha huko huko Uganda.

Tukifika kwenye karatasi tutakaa kidogo, maana hapa ndipo mtoto maskini anapoachwa nyuma bila mtu kukusudia.

Kila mwanafunzi anahitaji hati ya kusafiria, na hati hiyo inadai cheti cha kuzaliwa. Kwa sheria yetu, kuzaliwa kwa mtoto kunatangazwa kwenye ofisi ya hali ya raia ndani ya siku 90. Baada ya hapo wazazi wanapaswa kupitia mahakama ili wapate hukumu inayoshika nafasi ya tangazo hilo. Fikirini juu ya mtoto aliyezaliwa Djugu au Irumu katika miaka ya vita, nyumba ikachomwa, akalelewa na mjomba Bunia au katika kambi ya Kigonze. Hana cheti. Mwenzake wa mtaa wa mjini anacho tangu wiki ya kwanza. Mkiita majina mwezi mmoja kabla ya safari, mtakuwa mmechagua watoto kwa karatasi, hata kama hamkuwa na nia hiyo. Ndiyo maana tunashauri uchaguzi ufanyike miezi kumi mbele, na shule ipeleke maombi ya watoto wasio na vyeti mahakamani kwa pamoja, kanisa likisaidia ada. Hata safari ikivunjika, cheti kitabaki, na mtoto atakihitaji kwa mtihani wa serikali, kwa kitambulisho na kwa kazi.

Pamoja na cheti kuna ruhusa ya wazazi, iliyoandikwa na kuthibitishwa kwenye komine au kwa notari. Wote wawili watie sahihi. Mtoto anayelelewa na shangazi au babu anahitaji hati inayoonyesha kwamba huyo ndiye mlezi wake kisheria, na neno la mchungaji halitoshi mpakani. Halafu barua ya shule, orodha ya majina, na taarifa kwa wakuu wa jimbo, maana tangu 6 Mei 2021 Ituri imekuwa chini ya utawala wa kijeshi na kundi la vijana linalosafiri lisilojulikana huleta maswali. Ofisi ya DGM ndiyo itakayowaambia ni hati gani inayokubaliwa Uganda kwa sasa. Mwendeeni mapema na mrudi tena karibu na siku ya kuondoka, kwa sababu taratibu hubadilika. Congo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini hilo halina maana kwamba mtoto anapita bila karatasi. Na ile hati ya CEPGL ambayo ndugu wa Goma na Bukavu wanaitumia ni ya Rwanda, Burundi na Congo peke yake. Uganda haimo.

Chanjo ya homa ya manjano nayo ifanyike si chini ya siku 10 kabla ya safari; kadi yake ya njano sasa inatambuliwa kwa maisha yote. Mpakani vijana watapimwa joto la mwili. Wasione ni dharau. Ebola iliyotangazwa Agosti 2018 iliua watu zaidi ya 2,200 Kivu ya Kaskazini na Ituri kabla ya kuisha Juni 2020, na ilivuka mpaka hadi Kasese mwaka 2019.

Kuhusu wakati: wengi watasema Julai, kwa sababu ni likizo kubwa na mvua si nyingi. Lakini Julai shule za Uganda zinaendelea na masomo, na vitanda vya bweni vimejaa. Kwao mwaka wa shule unaanza Februari na kwisha karibu na mwanzo wa Desemba. Likizo yetu ya Noeli basi inaangukia ndani ya likizo yao kubwa: mabweni ni matupu, njia ni kavu, na shule ya kanisa inaweza kuwalaza vijana kwa bei ya chakula tu. Siku chache baada ya Noeli, vijana wakarudi kabla ya masomo kuanza upya, ndiyo nafasi nzuri. Isipokuwa mwaka wa uchaguzi wa Uganda, ambao mara mbili za mwisho ulifanyika Januari, 2021 na 2026. Mwaka kama huo subirini.

Fedha. Bwana Yesu alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba anaketi kwanza kuhesabu gharama. Hesabuni ndege kwenda na kurudi, hati, gari la kukodi kutoka Entebbe hadi Fort Portal kupitia Kampala (ni mwendo wa siku nzima mkihesabu msongamano), baiskeli na kofia ngumu, mwongozaji wa hapo, chakula, na akiba ya hospitali ambayo haiguswi kwa jambo lingine. Wapo watakaouliza kama ni haki kutumia fedha hizo wakati ndugu zetu wanalala chini ya maturubai pembeni ya mji. Swali ni la haki na lijibiwe mbele ya kanisa. Sisi tunaona kwamba mchango wa wakimbizi usiguswe hata faranga moja, na kwamba nafasi zisinunuliwe na wenye uwezo peke yao. Ikiwa shule haiwezi kulipia angalau nusu ya kundi, safari ifanywe baadaye.

Maandalizi ya mwili yafanyike Bunia, Jumamosi asubuhi, kwenye kiwanja cha shule, wiki nane au kumi. Wasichana wengi hawajapata nafasi ya kujifunza baiskeli kwa sababu nyumbani ilikuwa ya kaka. Wapewe wao kwanza. Jambo kubwa si kupanda kilima, ni kushuka: kukaa nyuma ya kiti, kutumia breki zote mbili kidogo kidogo, kuacha nafasi kati ya mtu na mwenzake. Wafundishwe kuziba tairi na kurudisha mnyororo.

Na Uganda wanapita kushoto! Sisi tunapita kulia. Kijana anayetoka kwenye njia ya shamba kuingia barabarani atatazama upande aliouzoea, na gari litatoka upande wa pili. Chorea mstari kiwanjani, wazoeeni kupita kushoto tangu Jumamosi ya kwanza, na mkifika huko mwongozaji awe mbele, mwalimu awe wa mwisho, mtu asimpite wa mbele wala asibaki nyuma ya wa mwisho.

Siku ya kwanza kilomita 15 zinatosha. Baadaye 25, labda 30, na siku moja katikati ya kupumzika. Neti ya mbu kila usiku. Wasiingie ziwani kuogelea kabla ya kuuliza wenyeji, kwa ajili ya kichocho na kwa ajili ya kina: maziwa ya volkeno hushuka ghafla ukingoni.

Vijana wapangwe wawili wawili kwa siku zote, kila mmoja akiangalia maji, kofia na breki za mwenzake. Mwalimu apange jozi hizo kimya kimya, watoto wa mitaa na jamaa mbalimbali, bila kutangaza sababu. Wanaijua. Baada ya yote ambayo Ituri imepita tangu 1999, na tena tangu Desemba 2017, kumkabidhi mwenzako breki zako kabla ya mteremko si jambo dogo.

Wenyeji wa Toro wana desturi ya kumpa mgeni jina la heshima, empaako, kama Akiiki, Abwoli au Amooti, na kumsalimu kwa jina hilo. Vijana walikubali kwa furaha. Kiswahili chao cha Bunia hakitaeleweka na kila mtu, kwa hiyo wajifunze salamu chache za Kitoro pamoja na Kiingereza chao cha darasani.

Mwalimu mmoja abaki Bunia na simu iliyojaa moto, akiwa na namba ya kila mzazi, na habari zitumwe kwake kila jioni saa moja ya Bunia, ambayo ni saa mbili ya Uganda. Wazazi wamuulize yeye, si watoto. Akisikia kwamba hali ya mji imebadilika, ana ruhusa ya kuwaambia wakae kule walipo mpaka ndege ipatikane. Hilo liandikwe kwenye ruhusa ya wazazi tangu mwanzo, pamoja na jina la kanisa litakalowatunza. Siku ya kurudi, kila mzazi au mlezi aje Murongo mwenyewe, atie sahihi kwenye orodha ile ile aliyoitia siku ya kuondoka, ndipo amchukue mtoto wake.